Taa ya Kijani Isiyotulia

Bonde la Maji Baridi, Nevada
12 Oktoba 1997

Baba Eulogio,

Nakusalimu, nikitumaini koo lako limepoa na wifi Karmele anakulisha vizuri huko Reno. Huku tu wazima. Mchungaji wetu Leoncio amewashusha kondoo kutoka kambi ya juu, malori yamebeba wa kuuzwa, naye amekwenda kwao Peru mpaka theluji iyeyuke. Tumebaki mimi, mbwa wawili na majike wa kuzaa. Majike wananitazama kila asubuhi kana kwamba mimi ndiye niliyeendesha malori. Orval wa duka la njia panda anakusalimu, anauliza ni nani sasa atakayemfunga karata.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu mvua ilinyesha, barabara ya bondeni ikawa tope. Nikavuta ile gia ndogo ya magurudumu manne kwenye pikapu. Taa ya kijani ya dashibodi ikaanza kupepesa na haikutulia. Magurudumu ya mbele hayakuvuta, ya nyuma yalichimba tope tu. Niliporudisha gia, taa ikazimika. Nimejaribu tena mara kadhaa, hali ni ile ile. Hakuna harufu ya kuungua, hakuna kelele, hakuna mafuta yanayovuja.

Nilimwonyesha Orval. Akaingiza kichwa dirishani, akaitazama taa, akasema, "Hii inatibika, dada. Kata kipande cha utepe mweusi, bandika juu yake."

"Na magurudumu?"

"Umeniuliza habari ya taa. Magurudumu ni kesi nyingine."

Wewe umelifungua gari hili mpaka skrubu ya mwisho. Kueleza haya kwa kalamu ni kazi ndefu. Kila Jumamosi asubuhi nipo dukani kwa Orval. Nipigie simu pale. Theluji ikikuta gari halijapona, itabidi nihamie mjini, majike waende kwa jirani, na nyumba ifungwe.

Mkwe wako,
Verna

*

Reno
22 Oktoba 1997

Mkwe wangu Verna,

Barua yako imefika. Umeandika kama zile taarifa za barabara unazopelekea gazeti la wilaya: tope lipo, harufu haipo, mafuta hayavuji. Nilicheka, na Karmele akatoka jikoni mbio kuona nimepatwa na nini.

Yeye mzima, mumewe mzima. Wanakula mapema kama kuku. Mimi ni supu, kisha supu. Mkate ni wa dukani, laini kama sponji, na hakuna mbwa wa kupewa kipande cha kwanza, kwa hiyo nakiweka dirishani na ndege wanakichukua. Kutoka dirishani naona maegesho ya magari. Koo linaendelea.

Taa hiyo si adui yako. Inapopepesa, maana yake gia imeyaita magurudumu ya mbele na hayajaitika. Yakiitika, itatulia. Kwa hiyo usiibandike kitu. Mwambie Orval utepe aubandike mdomoni mwake.

Anza na vilivyo rahisi. Tazama fyuzi. Kisha tazama tairi, kwa maana nawajua watu wa huko: tunanunua mbili mpya za nyuma kwa ajili ya kubeba nyasi, za mbele tunazisahau mpaka ziote upara. Mbele na nyuma zikipishana kimo, gia haikai. Baada ya hapo fungua boneti ufuate waya na mipira yote inayoshuka kwenye ekseli ya mbele. Ifuate kwa mkono, usitegemee macho.

Nikwambie na hili. Karmele anaiogopa barabara yetu, hatanileta. Na ameapa hataniachia nirudi mahali ambapo gari haliwezi kumtoa mtu wakati wa theluji. Nimemwambia utakuja kunichukua wewe, kabla majike hawajaanza kuzaa. Kwa hiyo taa hiyo ni yangu pia.

Baba yako,
Eulogio

*

Bonde la Maji Baridi
9 Novemba 1997

Baba,

Salamu, na salamu kwa wifi. Mbwa mdogo alichomwa pua na nungunungu, nikamtoa miiba kwa koleo, sasa anakula. Baridi imeingia. Asubuhi navunja barafu kwenye birika la kondoo kwa shoka.

Fyuzi nzima. Kuhusu tairi ulibashiri sawa, na sitasema zaidi. Nimenunua mbili za mbele zinazolingana na za nyuma. Taa bado inapepesa.

Nilipofungua boneti, nyuma ya betri nilikuta kiota cha panya wa porini, kikubwa kama kofia. Ndani kulikuwa na vijiti, kijiko cha chai, kifuniko cha chupa, vipande vya mpira mweusi, na kifungo cha shati la buluu. Kifungo nimekiweka kwenye kikombe rafuni. Vile vipande vya mpira vinatoka kwenye paipu nyembamba inayoshuka hadi ekseli ya mbele. Imetafunwa kabisa mahali pawili.

Jumamosi iliyopita simu ya Orval ililia, nikaipokea mimi. Hakuna aliyesema. Nilisikia pumzi, au upepo, kisha kitu kikagongwa mara mbili, kama ukucha juu ya bati. Niliita mpaka Orval akasema, "Achana naye, ni barafu kwenye nyaya." Ikakatika. Sidhani ulikuwa wewe. Wewe ungeanza kwa kuniuliza spana zako nimezitupa wapi.

Nitakuwepo tena Jumamosi ijayo.

Verna

*

Reno
20 Novemba 1997

Mkwe wangu,

Pole kwa mbwa. Nungunungu hafundishi, mbwa huyo atarudia. Hapa hakuna jipya. Jirani wa chini anapiga dari kwa ufagio nikitembea na viatu vya shambani, nami natembea navyo.

Panya amekuonyesha ugonjwa. Paipu hiyo inapeleka mnyonyo wa hewa kutoka injini hadi kwenye kikopo kidogo kilichofungwa juu ya ekseli. Ndani ya kikopo mna kiwambo; kikinyonywa kinavuta pete ya meno, pete inaunganisha magurudumu ya mbele. Paipu ikitoboka hakuna mnyonyo, na taa itapepesa mpaka ichoke.

Kabla hujaweka mpya, pima kiwambo. Weka kipande cha mpira kwenye kikopo, nyonya kwa mdomo, kisha ziba kwa ulimi. Ulimi ukivutwa ukabaki umeshikwa, kiwambo ni kizima. Ukiachiwa, kimetoboka. Kazi hiyo mimi siiwezi tena, lakini wewe una mapafu. Paipu mpya ipitishe juu, mbali na ekzosi.

Kifungo usikitupe.

Halafu nina swali. Gari hilo lilikuwa na desturi yake. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuwe na kazi kusiwe na kazi, lilivutwa gia ndogo na kupelekwa kambi ya juu, ili pete isigande na grisi izunguke. Niliianza mimi, mwenye gari akaiendeleza. Je, mara ya mwisho lilikwenda juu lini?

Eulogio

*

Bonde la Maji Baridi
11 Desemba 1997

Baba,

Barua yako ilikaa kwa Orval muda mrefu. Theluji ilifunga barabara, na sikutoka mpaka alipokuja kuifungua kwa trekta. Alileta barua, unga, kahawa na maoni yake. Alisema, "Bwana Eulogio angekuwa hapa, gari lingeshapona."

Nikamwambia, "Angekuwa hapa, tungekuwa bado tunabishana spana ipi."

Majike wazima. Nyasi zitatosha.

Nimepima kiwambo kama ulivyosema. Ulimi ulishikwa. Ladha yake ni tope na mkojo wa panya, na sipendekezi. Paipu mpya nimeipitisha juu, mbali na ekzosi. Injini ikiwaka naweka kidole mwishoni mwa paipu, mnyonyo upo na una nguvu. Sasa nikivuta gia nasikia mlio mmoja mdogo chini, kama mtu anayebisha hodi kisha akaghairi. Taa bado inapepesa.

Jumamosi zile zote nilizoweza kutoka nilikaa dukani, na simu haikulia. Nimemwandikia wifi. Amejibu kwamba siku hizi hupokei simu, mstari mmoja, kisha ukurasa mzima wa habari za mapazia. Hupokei kwa nini? Nani anayekuzuia?

Uliuliza na jambo jingine. Karatasi imejaa.

Krismasi njema kwenu nyote.

Verna

*

Reno
6 Januari 1998

Mkwe wangu Verna,

Heri ya mwaka mpya. Karmele alipika mwanakondoo kwa kitunguu saumu, harufu ikajaa nyumba nzima. Mimi nilipewa mchuzi wake. Mumewe alilala mbele ya televisheni mdomo wazi, nikamwonea wivu.

Karatasi yako haikujaa. Nusu nzima ilikuwa nyeupe. Nami uliniuliza habari ya simu, na karatasi yangu ni ndogo vilevile. Kwa hiyo tumetoshana.

Lakini gari halitibiwi kwa kunyamaza. Mwanangu Mingo alikwenda nalo juu Jumapili ya kwanza ya Oktoba, mwaka juzi. Moyo wake ulisimama kule kambini, na gari likarudishwa bondeni na Orval. Nadhani tangu siku hiyo gia ile haijavutwa mpaka ulipoingia topeni. Kama ni hivyo, mlio unaousikia ni pete inayotaka kusogea na kutu inaizuia. Ni kutu na grisi iliyoganda. Si kosa la mtu.

Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu pale kikopo kinapoingia kwenye ekseli, uyaache yapenye mpaka kesho yake. Pasha injini moto. Kisha vuta gia na urudi nyuma. Watu wote husukuma mbele, wanazidisha moto, wanatukana. Meno yamekutana kichwa kwa kichwa. Ukirudi nyuma taratibu, ukipindisha usukani kidogo huku na huku, yanapata nafasi ya kuingiliana. Theluji ya uani itakufaa, ina utelezi.

Orval akae usukanini, wewe ulale kando usikilize. Kwa ngurumo ile hamtasikizana, kwa hiyo gonga bodi kama tulivyofanya siku zote: mara moja, simama, mara mbili, twende. Ikishashika, lipeleke juu. Safari moja fupi uani haitoshi kuyeyusha grisi.

Karmele amenipatia kitanda katika nyumba ya wazee. Kinanisubiri tarehe mosi Machi. Ni pasafi, amenipeleka nikapaona. Watu wamekaa mstari mmoja wakitazama ukuta. Nimemwambia, kwa namna yangu, kwamba taa itatulia kabla ya siku hiyo.

Eulogio

*

Bonde la Maji Baridi
8 Februari 1998

Baba,

Salamu. Majike wameanza kuvimba viwele, wawili wanaonekana watazaa pacha. Mbwa mdogo amerudia nungunungu, kama ulivyosema.

Ulichodhani ni kweli. Gia haikuvutwa tangu siku ile. Gari nilikuwa nalitoa kwenda kwa Orval na kurudi, basi. Kuhusu juu, kila nilipofikiria kwenda nilijiambia barabara mbaya. Ilipokuwa nzuri, nilijiambia taa inapepesa.

Mafuta ya kutu niliyanyunyiza Ijumaa ya mwisho ya Januari. Kesho yake Orval alikuja amevaa nguo juu ya nguo. Tulipasha injini moto, nikalala kwenye theluji kando ya gurudumu la mbele, juu ya gunia. Nikagonga bodi mara mbili. Akarudi nyuma. Mlio ule mdogo ukaja, ukaghairi. Nikagonga mara moja, akasimama. Nikagonga tena mara mbili.

Mkono ulikuwa bado juu ya bati nilipoitambua sauti ile. Niliwahi kuisikia mwezi wa Novemba, kwenye simu ya Orval.

Gari lilipita mbele ya uso wangu, nami sikusikiliza kitu. Orval akasimamisha, akatoa kichwa dirishani. "Verna, umekufa huko chini?"

"Bado."

"Basi nigongee, nijue."

Nikamgongea. Akarudi nyuma tena, akipindisha usukani, na pete ikaingia kwa kishindo nilichokisikia mpaka kwenye meno yangu. Nilipofika dirishani, taa ilikuwa imetulia, kijani kitupu. Orval aliitazama sana. Akasema, "Sasa utepe wangu nitaubandika wapi?"

Alipoondoka sikuwa na kisingizio tena. Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nilivuta gia, nikapanda juu na mbwa wote wawili. Theluji ilifika kwenye bampa mahali pengi. Magurudumu ya mbele yalivuta njia nzima, na taa haikupepesa hata mara moja.

Gari la kulala la kambini lipo, mlango umefungwa kwa waya jinsi Leoncio alivyouacha. Paa halivuji. Panya wameingia, hawakuharibu sana. Shati la buluu la Mingo limening'inia msumarini pale pale, Leoncio hakuligusa. Kifungo ni cha shati hilo; huenda kilimdondoka garini, panya akakiokota. Niliwasha jiko, nikakaa mpaka kuni zikaisha. Nimeshuka na shati na sufuria ya mkate. Jana nilioka. Nilichora msalaba juu ya mkate kama Mingo alivyokuwa akifanya, na kipande cha kwanza nikampa mbwa mkubwa. Mdogo alilalamika.

Sasa ile simu. Sitaki maelezo marefu. Jumamosi tarehe ishirini na moja, saa tano asubuhi, nitapiga mimi kutoka kwa Orval. Wifi atakuwa kazini. Wewe inua tu. Nitauliza mambo ambayo jibu lake ni moja kati ya mawili. Kama ni hapana, gonga mara moja. Kama ni ndiyo, unajua.

Mkwe wako,
Verna

*

Reno
23 Februari 1998

Mkwe wangu Verna,

Salamu zako nilizisikia kwa masikio yangu, kwa hiyo hapa nazifupisha. Karmele amejua kuhusu simu, kwa sababu jirani wa chini alimshitakia. Uliponiuliza kama naumwa niligonga mara moja, na ni kweli, siumwi. Uliponiuliza kama bado nataka kurudi, sikuhesabu niligonga mara ngapi. Jirani akajibu kwa ufagio. Wewe ukauliza, "Nani huyo mwingine, naye anakuja?" Nilicheka sana. Najua hukusikia kitu.

Sauti waliikata Septemba, pamoja na ugonjwa. Madaktari wanasema ugonjwa wote umetoka. Nina tundu shingoni, nalifunika kwa leso, na Karmele amenifundisha kulisafisha. Atakuandikia jinsi ya kufanya, na ataandika kirefu, umvumilie. Nilimkataza asikwambie. Ungeacha gari na majike ukaja kunitazama nikiwa kitandani, na theluji ingeikuta nyumba imefungwa. Novemba nilipiga simu ili nisikie tu kama upo. Ukaita "haloo" kwa hasira, nikaridhika.

Karmele alilia kidogo, kisha akaniuliza kama nina soksi za kutosha. Kitanda cha wazee amewarudishia. Mumewe anasema sanduku langu lina spana nyingi kuliko nguo, na amepima.

Nimefurahi kwamba ulikwenda juu. Shati lifue, ulishone kifungo, uliweke. Nitalivaa kwenye kazi ya kondoo, kama halinibani.

Njoo Jumamosi tarehe saba Machi, barabara ikiwa wazi. Ukitoka kwenye tope ukafika lami, rudisha gia ndogo. Usije nayo mpaka hapa, utaivunja, na sitaki kuanza tena kukuandikia. Usipande ghorofani. Maegesho hapa watu wanayagombania, kwa hiyo usizime gari. Nitakuwa nimekaa kwenye ngazi za mbele na sanduku, kofia kichwani. Injini itakuwa inanguruma, na hata isingenguruma ungekuwa husikii neno kutoka kwangu. Nitapakia sanduku nyuma, nipande, nifunge mlango, kisha nitatoa mkono dirishani na kugonga bodi.

Ukisikia, twende.

Eulogio